Kete ya Pembeni

Gunsan, mwaka wa mvua nyingi, nikiwa na miaka tisa,
nilichomeka kete nyeusi ndani ya pembe,
pale mstari wa tatu unapokatana na wa tatu,
mapema, bao halijaota hata ndevu.
Mwalimu Seok hakusema kitu.
Fimbo yake ya mwanzi ndiyo iliyosema,
juu ya kifundo cha kidole hiki, mara mbili.
"Unauza dunia nzima," akaniambia baadaye, akifuta miwani,
"ununue choo."

Rika langu lote tulifundwa hivyo.
Waliotufunda walifundwa hivyo, na waliowafunda wao,
mkururo wa wanaume wenye vidole vya njano vya tumbaku,
kila mmoja na fimbo aliyorithi.

Sasa nina hamsini na minne.
Klabu yangu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la kuku wa kukaanga:
viti kumi na sita, wateja watano,
harufu ya mafuta hadi kwenye mapazia.
Mpwa wangu Ha-ram alinifungia kompyuta pale mezani.
Cheza nayo, Shangazi, akasema. Haiumi.

Haiumi.
Hatua yake ya saba ikaingia pembeni,
pale pale.

Nilikitazama kidole changu.
Nikatoka nje kwenye ngazi, nikakalia kreti ya soda,
nikacheka, kisha kile kicheko kikawa kitu kingine.

Ha-ram anasema mashine imetuongezea akili.
Sibishi. Nimewaona watoto wa miaka kumi na miwili
wakicheza hatua ambazo mabingwa wa zamani
wangeuza shamba wazijue.
Ila nikiuliza, kwa nini hapa, si pale?
najibiwa: asilimia hamsini na nane.
Kwa nini?
Asilimia hamsini na nane, Mwalimu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mie naona vichwa vimepangwa mstari
vimevaa wigi lile lile, linang'aa, limechanwa,
na upepo ukipita
kila mtoto anashika kichwa.

Lakini niitukane kwa kinywa kipi?
Fimbo ya Mwalimu Seok ilikuwa nini,
kama si jibu lisilo na sababu?
Naye hakujua kwa nini. Alimjua tu aliyempiga yeye.
Miaka arobaini na mitano tuliusukuma mlango,
kumbe ni wa kuvuta.

Usiku nikaizima.
Nikabaki na bao, taa, na bakuli mbili za kete.
Wiki tatu. Wali ulipoa, nikaula umepoa.
Ndipo nikauona: ule ukuta wa nje tuliouogopa,
ukuta mrefu, mzuri, usio na cha kulinda,
ni mzigo kwa aliyeujenga.
Hapakuwa na aliyeniambia hilo.
Kioo kilikuwa cheusi.
Lakini bila kile kioo ningekesha kwa lipi?
Aliyekuamsha hakukupa macho;
wala wewe, na macho yako, ulikuwa umelala.
Hapo ndipo hesabu yangu inapokwama.

Jumamosi Sol-bi, mwenye miaka minane,
aliweka kete nyeupe katikati, mbali na kila vita.
Mashine ikaipa asilimia kumi na tisa.
Wenzake wakaguna.
Nikakifunika kioo kwa kiganja.
Kwa nini hapo?
Akafikiri sana, ulimi nje, kama anayetunga uzi kwenye sindano.
"Nilitaka kuona nini kitatokea."

Alifungwa kwa pointi ishirini na moja.
Sikumpiga. Sikumsifu.
Walipoondoka nililitoa daftari,
nikaichora ile hatua kwa penseli,
nikaandika tarehe, na jina lake,
na mbele ya neno "sababu"
nikaacha nafasi.