Mtoto wa Jicho

Zahanati ya macho, Halifax. Chumba cha saba.
Ukungu wa bandari umebandikwa dirishani kama plasta.
Mimi ni mkalimani. Nalipwa kwa saa
kuyavusha maneno ya watu bila kuyalowesha.

Daktari MacIsaac ana sauti ya chini na viatu vya mpira.
Kwa lugha yake ugonjwa huu ni maporomoko ya maji.
Kwa yetu, jicho limezaa.
Nikasema, "Bi Tatu, ni mtoto wa jicho. Watamtoa Jumanne."
Akauliza, "Watampeleka wapi?"

Miaka kumi na mmoja ya kazi hii,
na hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Na hilo jingine," daktari akaendelea, "tutaliwekea jicho."
Jicho juu ya jicho? La nani?
Nikaharakisha kulishona upya: watakuwa macho, Bi Tatu.
"Maskini. Basi hata hawalali."

Wenyeji hawa wamegawa macho ovyo.
Sindano yao ina jicho; yetu ina tundu tu, haijui kinachopita.
Kiazi chao kina macho, na kwa macho hayo
huchipua gizani, chini ya sinki.
Kimbunga cha Septemba nacho kilikuwa na jicho:
lilipofika juu ya mtaa wa Gottingen upepo ukakatika,
Bi Tatu akatoka roshanini, ghorofa ya nne,
akaanua kanga zake mbili bila pupa,
akarudi ndani kabla halijapepesa.

Sisi macho tumeyafanyia choyo.
Kuona ndiko tulikokugawa.
"Naona baridi," alisema, amejikunyata kwenye kiti cha ngozi.
"Naona njaa. Naona uchungu wa kiuno.
Naona haya kukwambia, mwanangu:
wewe ndiye sikuoni."

Daktari akamtia matone, akasogeza taa.
Bi Tatu akaikazia, akaghani taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji:

*Macho mawili jirani, hayajapata onana,*
*pua ukuta katini, salamu kwao hakuna;*
*moja likiwa tabuni, la pili hulia sana,*
*nani kayapa imani, kulia kwa kufanana?*

"Anasemaje?"
Anaomba dua, nikajibu.
Dakika ile ningekatwa malipo, nisingelalamika.

Ndipo aliponishika kiganja.
"Mwambie amwache mtoto wangu.
Kwa jicho hili taa za barabarani zina ndevu,
na kila anayevuka na koti jeusi ni Makame.
Asubuhi anavuka, magharibi anavuka.
Hapandi juu kunisalimu, sawa, lakini anavuka.
Mkishamtoa huyu
atavuka mtu mwingine."

Kalamu ya daktari ilikuwa hewani, juu ya mstari wa saini.
Lugha mbili zikanikodolea macho.

Nikasema: anauliza kama itauma.

Daktari akatabasamu. Haitauma, hata kidogo.
Hilo nililifasiri neno kwa neno.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwake, bila kulipwa,
kumsaidia kuibandua ile ngao ya plastiki.
Alinitazama kwanza mimi, muda mrefu,
kama anayesoma barua aliyokwisha kusomewa.
"Kumbe una mvi," akasema.

Kisha akageukia dirisha. Siku hiyo ukungu haukuja.
Chini, mwanamume mwenye koti jeusi
alisubiri taa ya kijani, mfuko wa mkate kwapani,
akavuka.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Akachukua ncha ya kanga, akakipangusa kioo,
akakipangusa tena,
palepale palipokuwa safi.