Na Mwiba Je, Mirza?

Alhamisi, taa ikishajazwa mafuta,
huja Mirza Farhang na daftari lake la ngozi
kutufunulia sisi wapika maua wa Qamsar
maana iliyojificha nyuma ya maana.

Mvinyo si mvinyo, asema. Ni kujisahau.
Kilabu cha walevi ni moyo uliong'olewa mlango.
Nywele za kipenzi ni giza la dunia, msokoto kwa msokoto,
na doa jeusi la shavuni (hapo hukohoa, hunywa chai)
ni nukta ambamo yote yalianza.

Nasi twatikisa vichwa.
Golnesa hulia kabla ubeti haujesha;
yeye hulia hata bei ya shaba ikipanda.

Lakini waridi, Mirza!
Waridi nalijua.
Miaka arobaini nalichuma jua halijaramba umande,
shuka nimeifunga kiunoni, imevimba kama mimba.
Na huyo ndege wako anayekufa kwa mahaba
namfahamu: huiba forosadi za jirani,
akishiba ndipo huimba.

Wasema waridi ni uso wa Mola.
Astaghfirullah, mimi uso huo nimeutia sufuriani,
ratili themanini kwa maji ya kisima,
nikaziba kifuniko kwa udongo,
nikachochea.

Basi nambie, wewe mwenye funguo:
mwiba je?
Huu uliovunjikia kidoleni mwaka aliokufa Yadollah,
nyama ikaufunika, ukabaki,
nao ni sitiari ya nini?

Mirza akafunua kurasa. Akafunua tena.
Taa ikala utambi.
Nondo mmoja akaingia, akazunguka,
akaungua kwa harufu ya unywele.
Hakuna aliyemsemea neno.

Usiku ule nilifungua sanduku la mume wangu.
Kanzu yake ya kazi, miaka sita haijafuliwa.
Ua halimo mle. Mtu hamo.
Nikainusa tangu pindo hadi kola
na kidole kikaanza kupwita,
polepole, kama anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyo na hakika nayo.

Sikulala.
Alfajiri wachumaji walikwisha tangulia bondeni,
wakihesabu mafungu kwa sauti:
waridi, waridi, waridi,
na masikio yangu, yaliyokwisha kuwa mazito,
yakasikia uradi.

Nikawasha moto.