Nyimbo za Watu

Nyimbo kumi, na zote za watu.
Othieno alizileta Tororo, studio yangu nyuma ya kinu,
mahali ambapo ukitaja roki mtoto anakuonyesha mwamba.
Gitaa la umeme mgongoni, miaka hamsini na miwili kiunoni.
Mjini walisema: kisima kimekauka,
sasa anateka kwa jirani.

Tulirekodi usiku, kiwanda cha saruji kikipumua.
Umeme ukakatika katikati ya wimbo wa tatu.
Aliendelea kuimba gizani, nami sikumwambia
kwamba mashine imelala.

Wa tano ulitoka baa za Busia,
wa mpiga tarumbeta aliyelipwa kwa waragi.
Wa saba, mama yake aliuimba puani akipeta ulezi.
Mtunzi hajulikani.
"Andika hivyo hivyo," akasema. "Akitokea, alipwe."

Gitaa lilikoroma, likakwaruza,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyowahi kuiibia.

Kisha wa kumi. Nikavua visikilizio.
Huu ni wako, nikamwambia, ndio uliokuezekea bati,
watoto wa shule wanaujua kuliko wimbo wa taifa.
Akalegeza uzi mmoja, akaukaza tena.

"Wa Obbo. Mpiga ngoma wetu.
Aliuimba mara moja tu, akifua shati,
mwaka ule kabla hajafa.
Mimi nilikuwa na kanda."

Akaupiga polepole.
Pale ngoma inapopaswa kuingia, aliacha kimya,
nami sikukikata.