Saa ya Bi Shizuno

Karakana ya Kurosaki ipo Gotemba,
nyuma ya duka la tofu.
Mlima Fuji leo hauonekani, ukungu.
Mzee Tokuji ameuma mpini wa bisibisi,
ncha ameikita kwenye injini.
Anasikiliza kwa taya.
Masikio aliyaacha mashindanoni, msimu baada ya msimu,
ekzosi wazi, bila pamba.

"Vali ya tatu," anasema. "Inanung'unika."

Kijana ameendesha usiku kucha kutoka Nagoya.
Anataka nguvu za farasi mia nne,
anataka na stika nyekundu ya kampuni
kabla hata hajalipa.
Mzee anamuuliza breki zake zina umri gani.
Kijana anatazama viatu.

Makombe rafuni yamejaa skrubu.
Picha ni moja tu: gari namba kumi na tisa, limelala ubavu,
na mwanamke ukingoni mwa barabara,
kidole juu ya saa, hajaibonyeza.

Ndiye huyu anayeingia na chai.
Saa ile ile ingali shingoni,
huitia ufunguo kila alfajiri.
Mzunguko ule haujaisha, husema,
mpaka arudi nyumbani kula.

Breki mpya kwanza.
Farasi watasubiri.

Jioni kijana anawasha gari; bati la paa linatetemeka,
vikombe vinagongana,
na Tokuji, kiganja juu ya boneti
kama anayepima homa ya mtoto,
anatabasamu upande mmoja.

Bi Shizuno anatazama saa.
"Umechelewa."
Mzee anamsoma midomo, vibaya.
"Ndiyo," anajibu. "Imepona."