Buni ya Mia na Kumi na Mbili

Mwaka ule nsenene waliwahi.
Walitanda juu ya Kibibi kama moshi wa kijani,
na Kasujja, mwenye kiti chetu katika baraza la Mengo,
akafa kwa homa, muhula ukiwa nusu.

Kiti hakilali kitupu, alisema karani.
Mtu wa Pwani huyo, kanzu imeshika tope hadi magotini,
Kiswahili chake kimepigwa pasi.
Bibi wa bibi yangu alimjibu kwa Kiswahili cha sokoni,
cha chumvi, shanga na kauri.

Wakajitokeza wawili.
Swaibu Nsereko, aliyerudi na bunduki mbili
kutoka vita ambavyo hakuwahi kuvisimulia
mara mbili kwa namna moja.
Na Yozefu Ssebalu, mwenye ng'ombe tisa na deni la kumi,
ambaye alichimba kaburi la mume wa Zaituni mvua ikinyesha
bila kuuliza marehemu alikuwa akisali wapi.

Karatasi hazikutosha.
Basi kila nyumba buni moja, akaamuru karani,
na vibuyu viwili vya shingo nyembamba,
mkono usije ukaingia ukatoka na kitu.
Mwenye buni safi alijulikana:
Zaituni Nakimera, mjane,
alizichemsha na majani anayoyajua yeye,
akazianika, na kijiji kizima kikajua kwa pua
kwamba leo amezigeuza.

Alihesabu nyumba kwa miguu.
Jioni akaweka mbele ya karani mia na kumi na mbili.
Karani akateremsha kidole kwenye daftari.
"Mia na kumi na moja."
"Hesabu tena."
"Nimeacha nyumba ya nani?"
"Hii uliyoketi."

Alicheka, bila ubaya,
kama unavyomchekea mtoto anayetaka achumiwe mwezi.
Nyumba isiyo na mume, alisema, ni jiko lenye paa.
Akamrudishia moja.

Siku yenyewe wanaume walikuja
na nsenene wamefungwa kwenye ncha za nguo,
macho angani, miguu ikitaka kukimbia.
Mmoja, kwa pupa, akatumbukiza panzi.
Wakabishana hadi jua likahama kivuli:
panzi ni kura, au si kura?
Na akihesabiwa, ni wa nani?
Panzi aliamua mwenyewe, akaruka,
na yule bwana akapewa zamu yake upya.

Zikamwagwa kwenye ungo.
Nsereko hamsini na sita.
Ssebalu hamsini na tano.
Ngoma zikaanza kabla karani hajakausha wino.
Nyuma ya migomba Zaituni alisimama,
buni imelowa jasho kiganjani.
Hesabu ile haikuhitaji daftari.

Siku ya tatu Nsereko akapita nyumba kwa nyumba kushukuru,
hata zile zisizoandikwa, kwa maana alikuwa mtu wa adabu.
Mgeni hupewa buni. Zaituni akaleta kikapu kidogo,
kile cha kifuniko chekundu,
na ndani yake moja.
"Moja tu, mama?"
"Ndiyo iliyobaki kwenye uchaguzi wako."
Akaitafuna taratibu, akiitazama paa.
"Imeiva," akasema.
Akapanda kwenda Mengo na bunduki zake mbili
na kura ya mpinzani wake tumboni.

Nilimuuliza bibi, sasa ile si hasara?
Kwa nini asingeificha, asingeitupa
mbele ya watu, wote waone?
Bibi alikuwa akipepeta karanga kwenye ungo uleule,
umeshonwa na kushonwa hadi hauna ukingo wa kwanza.
Akapuliza maganda. Mgeni ni mgeni, akasema.

Halafu, kama aliyekumbuka jambo dogo:
Ssebalu naye alikuja, jioni ileile,
kuazima jembe.
Alilipata. Hakuambiwa kitu.