Kalikiti na Kideri

Kuku wa mama walianza kufa Jumanne.
Jogoo kwanza, shingo imepinda
kama mtu anayetafuta alichokiangusha nyuma yake.
Kisha matembe. Kisha yule mtetea aliyekuwa ameatamia.
Kinyesi cha kijani kwenye majivu ya jikoni.
Mama hakuniuliza ugonjwa gani.
Kideri anakijua, jina jepesi,
kama la mtoto wa jirani.
Aliniuliza: wewe unayekwenda maabara kila siku,
huwa unakwenda kufanya nini?

Nilitia kichwa cha jogoo kwenye barafu
nikapanda bodaboda hadi Chumbageni,
kwenye chumba cha joto ambako mayai yana tarehe,
yameandikwa kwa penseli,
na ukiyamulika unauona moyo unadunda.

Daktari Semng'indo alinichorea kirusi
nyuma ya risiti ya luku.
Koti hili, alisema, la wizi,
ni utando wa seli ya kuku mwenyewe.
Mali yake halisi ni miiba.
Na ndani ya mwiba
utepe wa protini umejikunja, ukarudi, ukajikunja,
na pale unapojigusa
salfa imeshika salfa.
Kiberiti na kiberiti,
bila moto.

Jioni nilikwenda Mabawa kumwambia Mwantumu
kwamba kuku wamekwisha.
Hatukuwa tumesemezana tangu arobaini ya baba,
kwa ajili ya nyumba, kwa ajili ya karatasi moja.
Saluni ilikuwa na mteja mmoja,
Bi Mwanaisha wa barabara ya kumi na tano,
wa mwisho Tanga nzima anayetaka kalikiti.
Nikaisikia harufu kabla sijavua viatu:
yai viza, kiberiti kilicholowa.
Dada alikuwa amevaa glavu kama zangu.
Dawa ya kwanza inafungua, alisema bila kuniangalia,
nywele zinasahau zilivyokuwa.
Unaziviringisha. Dawa ya pili inafunga.
Ni salfa, nikasema.
Ni kazi, akasema.

Kesho yake nilitia kwenye kirusi
tone la dawa ya ukoo huo huo.
Saa moja. Nikaongeza damu ya kuku kwenye sahani.
Kirusi kizima hushika chembe za damu
zikatandazika shimoni kama jamvi.
Hizi zilizama,
kila shimo kitufe kimoja chekundu.
Miiba ipo, lakini imelegea, haishiki kitu.
Na kwenye seli tulizozitia dawa mapema,
koti likiwa bado linashonwa,
ilikuwa vibaya zaidi, au vizuri zaidi,
inategemea uko upande gani:
protini zilijikunja ovyo,
walinzi wa karakana wakazizuia,
zikarundikana ndani.
Langoni hakikutoka kitu.

Basi tufungue kila pingu, nikasema.
Semng'indo akacheka, akakohoa.
Za kuku pia? Na zako?
Halafu kirusi chenyewe hufungua baadhi.
Kikifika mlangoni kwa seli
lazima pingu fulani ziachie,
mwiba ujinyooshe, uchome, koti liungane na ukuta.
Kilichokazwa kote kote
hubaki nje, kizima, hakina kazi.

Niliitazama risiti ile siku nyingi.

Mwezi wa pili mama alinunua vifaranga.
Mwantumu alikuja bila kuitwa,
mikono inanuka kalikiti,
akawashika mmoja mmoja, kichwa ubavu,
nami nikadondosha chanjo, tone moja jichoni.
Ndani ya tone, kirusi kipole
chenye pingu zile zile.
Kifaranga alipepesa.
Mwingine, akasema dada.
Mwingine.
Karatasi ya nyumba hatukuitaja.
Mama alihesabu kumi na wanane,
akahesabu tena,
akaniuliza kama lile tone linauma.