Maoni Usiyoniomba

Mbweha wa Theluji, jina lako la kuzaliwa silijui,
najua tu kikohozi chako kwenye kipaza sauti
na kwamba huko Toledo ni saa kumi alasiri
wakati huku Katuba mbwa wameanza kuulalamikia mwezi.
Uliniuliza juzi, tukichimba chuma chini ya mlima wa bandia:
"Ungekuwa na kura kwetu, ungempa nani?"
Nikasema umeme unakatika.
Haukuwa unakatika.

Sasa nakujibu.

Kwa kinyozi Mwepu watu wawili waligombania uchaguzi wenu
hadi mwalimu Tshikala akainuka na nusu ya kichwa,
upande mmoja laini, upande wa pili msitu,
akavuka barabara hivyo hivyo, akiapa
hatakalia tena kiti alichokalia Fwalo mbadilisha dola.
Na shefu wa kartie yetu,
aliyeahidi taa tatu akaleta nguzo moja?
Hakuna aliyempigania hata kwa unywele.
Hilo ndilo oni langu la kwanza:
kelele zenu zinatunyoa sisi.

La pili ni hesabu. Mimi muuza dawa, hesabu ndiyo mkate wangu.
Napata dola mia na themanini kwa mwezi, mwezi ukilipwa.
Bilioni moja, moja tu, si rundo zima la mwenye ghala lako,
ningeifikia baada ya miaka laki nne, elfu sitini na mbili na ushei,
nisile bukari, nisinunue sombe, nisizike mtu.
Nilirudia mara mbili nyuma ya risiti ya amoksilini.
Msimwite mchapakazi. Hakuna mgongo wa miaka hiyo.
Tafuteni neno jingine;
sisi tunalo kuvimbiwa,
lakini aliyevimbiwa mwishowe hutapika.

Hata mchezoni, ambako kila mtu huanza na shoka na mikono mitupu,
yupo yule aliyenunua ngome kwa kadi ya benki.
Anatupita juu ya farasi wa dhahabu.
Hajui mti hukatwaje.

Na wewe, unayepakia masanduku usiku kucha,
uliniuliza kwa aibu insulini huku ni bei gani.
Nikakutajia. Ukanyamaza hadi nikadhani mtandao umeanguka.
Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo,
ukaniambia ulimpigia nani.

Siku nne sikuwasha mashine.

Usiku wa tano nilirudi kuchukua mbuzi wangu,
niwatoe ndani ya ukuta wako, tuachane kwa heshima.
Saa tano na robo umeme ukakatika, safari hii kweli,
nami niko nje ya lango, shoka hewani,
mwili wangu wa mchezoni umeganda pale
kwa yeyote apitaye na upinde.
Nikalala na hasira na jasho.

Ulirudi saa kumi alfajiri.
Nikawasha. Huko ndani mvua ilikuwa ikinyesha.
Ulikuwa umesimama mbele yangu, mwenge mkononi,
mishale saba kwenye ngao.
Kwenu ilikuwa saa tatu usiku.
Zamu yako huanza saa mbili.
Hukusema neno. Nilisikia kikohozi tu.

Sijui nikiweke wapi kitu hiki.
Hakiingii kwenye hesabu ya risiti,
hakimfai Tshikala wala Fwalo.
Bado naona ulikosea,
na kesho nitakwambia tena, kwa sauti,
hadi mmoja wetu atoke na nusu ya kichwa.

Mbuzi nimewaacha walipokuwa.
Chuma kiko sandukuni, upande wa kushoto, sehemu yako ni ile kubwa.
Na sindano ya leo,
umechoma?